Mishono Tisa kwa Mitano

Nikipita mahali panaponuka siki, hata kama ni kachumbari ya watu imewekwa mezani, ngozi ya tumbo hunisisimka na mara hiyo hiyo niko Kuze, mtaani kwetu Mombasa, orofa ya juu, nimelazwa juu ya mkeka na kitambaa kibichi cha siki kipajini. Ilikuwa mwisho wa masika. Kuta za chokaa zilikuwa zimefyonza mvua hadi zikawa zinatoa jasho kama watu, na chini ya dirisha muuza kahawa alikuwa akipita akigonganisha vikombe vyake. Karibu nami alikuwa mama, Bi Rukia, na kitambaa chake cha bafta magotini. Alikuwa mshona kofia za viua, zile za kutoboa tundu ndogondogo na kuzizungushia uzi moja baada ya moja. Kila sindano ilipopita niliisikia ikisema tsi, tsi, na midomo yake ikihesabu bila sauti. Kofia ya namna ile ukikosea hesabu ya tundu moja, ua la mwisho halikutani na la kwanza, na kazi ya miezi miwili yawa tambara. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikuwa na homa ya matumbo.

Wacha niseme mapema ili nisitafutiwe maneno: mimi ni mtu niliyenusurika, na walionifikisha pale nilipofika nitawataja. Wa kwanza ni ami yangu, Hamadi, ndugu wa baba. Wa pili ni Twaha, aliyekuwa akiandika kadi za wagonjwa katika kliniki ndogo ya mtaani. Wote wawili wamekwisha kufa, Mungu awarehemu, lakini kurehemiwa si kufutiwa. Watu wa mji wetu twapenda kusema yaliyopita si ndwele. Husema hivyo yule ambaye hayakumpita yeye. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi kile nilikilalia.

Baba wakati ule alikuwa Malindi kwa mke wa pili, akija kwetu kama mvua za vuli, mara aje, mara asije. Mwenye kauli nyumbani alikuwa Ami Hamadi. Alikuwa karani bandarini Kilindini katika ofisi ya kutoa mizigo, amesoma hadi kidato cha nne, na kalamu mbili hazikutoka mfukoni mwa shati lake, hata siku ya harusi. Hapakuwa na barua katika nyumba ile isiyosomwa na yeye, wala dawa isiyonunuliwa kwa ruhusa yake. Yeye ndiye aliyenipeleka kliniki, na hilo nitampa haki yake. Daktari alinipima, akaandika dawa, akasema nitibiwe nyumbani, joto langu lipimwe asubuhi na jioni na liandikwe. Kisha akasema neno ambalo mama alilishika kama anavyoshika aya: "Akishaanza dawa, homa ya jioni isiipite ya asubuhi kwa zaidi ya digrii moja. Ikipita, dawa haimfai. Msingoje, mpelekeni hospitali kubwa."

Nyumbani tulikuwa na kipimajoto alichotuachia babu, aliyekuwa mpishi wa meli. Kilikuwa cha kizamani, cha Farenhaiti. Mtu asiye na homa kwa kipimo kile ni tisini na nane na ushei. Kliniki walipima kwa Selsiasi, ambako mtu huyo huyo ni thelathini na saba. Mama hakuyajua majina hayo mawili. Tarakimu alizijua vizuri, kwa kuhesabu tundu na kuuza kofia, na kila alipokitoa kile kipimajoto kwapani mwangu alikisogeza dirishani, akakigeuza polepole hadi ule uzi wa zebaki uonekane, akaandika. Siku ya nne ya dawa asubuhi aliandika mia na moja. Jioni, kabla ya adhana ya magharibi, akaandika mia na nne.

Ami Hamadi aliporudi kazini mama alimpokea mlangoni na karatasi. "Shemeji, imepanda tatu. Daktari alisema moja. Tumpeleke."

"Taratibu, shemeji," Ami akasema, akivua viatu. "Tatu zako hizo ni za Farenhaiti. Daktari alitaja Selsiasi. Huwezi kupima ng'ombe kwa pishi ya mchele."

Akakaa, akatoa kalamu. Namwona hadi leo, anavyoinua kidevu kama mtu anayetaka kusoma hutuba. Kanuni aliijua kwa moyo, waliifundishwa skuli: ukitaka kutoka Farenhaiti kwenda Selsiasi, toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa. Akachukua zile tatu, akatoa thelathini na mbili. Akazidisha. Akagawanya. Akapiga mstari chini yake mara mbili. "Hasi kumi na sita," akasema. "Hasi maana yake ni chini. Homa imeshuka, shemeji. Mshukuru Mungu."

"Imeshuka? Mtoto anawaka, nikimshika mkono naona kama nimeshika birika!"

"Mkono wako hauna digrii. Hesabu haina huruma ya mama."

Mimi nimeachia darasa la nne, na sababu yake mtaiona, lakini kosa lile nalijua kuliko nijuavyo jina langu. Zile thelathini na mbili zipo kwa sababu maji yanapoganda kuwa barafu, wa Selsiasi hapo wapaita sufuri na wa Farenhaiti wapaita thelathini na mbili. Ni mahali pa kuanzia kuhesabu, basi. Ukiuliza homa iko wapi, utazihitaji. Ukiuliza imesogea kiasi gani, hazikuhusu. Ami aliuliza swali moja akatumia jibu la jingine. Na linaloniuma zaidi ni kwamba kama asingalijua chochote ningalipona mapema, kwani tatu ni zaidi ya moja, na hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani asiyemaliza alifu kwa ujiti angaliliona. Ilibidi asome ndipo akose.

Kesho yake aliipitisha karatasi kliniki akielekea kazini. Pale alikuwa Twaha na mhuri wake. Twaha hakumpa daktari ile karatasi. Aliona imeandikwa kwa mwandiko wa karani, ina mstari mara mbili, akaandika kwenye kadi yangu: anaendelea vyema. Jioni ile nilikuwa tena mia na nne, Ami akafanya tena hesabu yake, na asubuhi iliyofuata Twaha akaandika tena: anaendelea vyema. Mimi niliyekuwa nikiendelea vyema sikuweza kumeza uji. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini mimi niliulizwa na sikuwa na nguvu ya kujibu. Tumbo lilikuwa limefura, na sauti za watu nilizisikia kama zinatoka ndani ya mtungi.

Mama aliambiwa hivi na Ami, nami nasikia: akinibeba kwenda hospitali bila idhini, Ami atamwandikia baba, na baba ataamua kama mke asiyesikia anafaa kukaa katika nyumba ile. Hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Mama hakuwa na pa kwenda. Wazazi wake walikuwa wamekufa, na kofia moja kwa miezi miwili hailipi kodi ya chumba. Kwa hiyo msimwone alikaa siku mbili mkasema alilala. Alikuwa na mtoto upande mmoja na paa la nyumba upande wa pili, na katikati karatasi yenye mhuri inayosema yeye mjinga.

Siku ya Ijumaa asubuhi alikuja Mama Atieno. Huyu alikuwa mama wa Kijaluo, mumewe mtu wa reli, wakikaa Buxton, na walijuana na mama kwenye foleni ya maji mwaka uliokuwa na shida ya mifereji. Alipanda zile ngazi zetu akihema, akanitazama mara moja tu. "Haki ya Mungu, Mama Zena! Huyu mtoto anaungua, na nyinyi mnakaa hapa?"

"Wamesema imeshuka," mama akasema.

"Nani amesema? Imeshuka wapi?" Akatoa mkobani kipimajoto chake mwenyewe, kwani naye alikuwa na mgonjwa nyumbani. "Niko nacho mpaka saa nne tu, wangu pia ana homa." Akakiweka kwapani mwangu. Kikasoma thelathini na nane na nukta tatu. Mama akaweka chetu. Mia na moja.

Wakatazamana. Mwili mmoja, wakati mmoja, na vitu viwili vinasema maneno mawili. Mama Atieno alicheka. "Hiki cha kwako kinadanganya." Mama hakucheka. Alivishika vyote viwili pamoja, kimoja kila mkono, kama mtu anayelinganisha nyuzi kama zimetoka kibonge kimoja. Halafu akasema, "Hakuna anayedanganya. Kila mmoja ana hatua zake."

Akaleta beseni. Akatia maji ya moto na ya baridi, akiyajaribu kwa kiwiko, kwani alijua yakiwa makali vipimajoto vitapasuka, na kimoja si chake. Akavizamisha vyote viwili, akangoja, akavitoa. Chetu mia na nne, cha Mama Atieno arubaini. Akatwaa kipande cha bafta kilichobaki kwenye kofia, akakianzishia mistari miwili sambamba, mmoja wa uzi mwekundu, mmoja wa uzi wa samawati. Akatia kikombe kimoja cha maji ya mtungi. Akavikung'uta vipimajoto, maana zebaki ya vile haishuki mpaka uikung'ute, akavizamisha tena, akasoma, akatia mshono mmoja kwa kila digrii iliyoshuka, mwekundu kwa chetu, samawati kwa cha Mama Atieno. Kikombe kingine. Mama Atieno naye alikuwa amekwisha kusahau kuondoka. Alishika kikombe, akimwaga anapoambiwa, akipiga kelele kila namba inaposhuka kama mtu anayetazama mpira. Mimi nilikuwa nikiona beseni mara moja, mara mabeseni mawili. Lakini nilimwona mama. Sijapata kumwona mtu mzuri kama mama yangu alivyokuwa saa ile, leso imemteleza kichwani, pua imekaribia kugusa maji, sindano katikati ya meno.

Walipofika thelathini na tano kwa kile cha Mama Atieno, chetu kilisema tisini na tano. Mama akahesabu mishono. Mwekundu tisa. Samawati mitano, mirefu zaidi, na mistari yote miwili imeishia pamoja. Akamwaga maji, akaanza upya, safari hii akianzia juu kidogo, kwani mshona kofia haamini ua moja. Tena, tisa kwa mitano. Akaweka kidole kwenye ule mwekundu, akahesabu mishono mitatu, kisha akavuka kwenye samawati kuona imefika wapi. Ilikuwa imepita mmoja, inakaribia wa pili.

"Moja na zaidi ya nusu," akasema polepole. "Imepanda moja na zaidi ya nusu. Daktari alisema moja."

"Na ile thelathini na mbili ya bwana shemeji?" akauliza Mama Atieno, ambaye alikuwa amekwisha kusimuliwa.

"Sijui. Mimi sikuitia majini, wala sikuitoa majini."

Mama Atieno alichukua kipimajoto chake akaenda kwa mgonjwa wake, akiapa kwamba tukibaki pale hadi jioni hatakuja tena kwetu. Muda si muda akaingia Ami Hamadi, kwani Ijumaa alitoka mapema kujiandaa kwa sala. Mama alikuwa amekwisha kunivika gauni. Hakungoja aulizwe. Akamwonyesha kitambaa, akamweleza maji, vikombe, mishono. Ami alikishika kwa ncha za vidole, kama kitambaa cha pua cha mtu mwingine.

"Shemeji, miaka kumi na moja niko skuli, wewe waniletea tambara?"

"Nakuletea maji, shemeji. Beseni lile pale. Tia mkono."

"Hesabu ni hesabu. Hasi kumi na sita."

"Haya," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Tushike yako. Asubuhi kwa kipimo cha daktari alikuwa thelathini na nane. Ameshuka kumi na sita. Amebaki ngapi?"

Ami akaitoa mfukoni karatasi yake ya hesabu.

"Amebaki ishirini na mbili, shemeji. Maji ya mtungini ni zaidi ya hapo. Ishirini na mbili ni maiti. Basi kama hesabu yako ni ya kweli, nenda msikitini ukatangaze jeneza. Na kama si ya kweli, nipishe mlangoni."

Nilisikia kwa masikio yote mawili, kwani la kushoto lilikuwa bado halijafa. Ami alisimama. Macho yake yalikwenda kwenye karatasi, yakaja kwangu, yakarudi kwenye karatasi. Nadhani aliliona kosa wakati ule ule, na hilo ndilo nisilomsamehe: aliliona, akasema, "Fanya utakalo, mimi simo," akachukua kofia yake, iliyoshonwa na mama, akaenda kusali.

Mama alinibeba mgongoni akanishusha ngazi zote. Njiani alimpata hamali na mkokoteni wake uliokuwa umeshusha magunia ya mchele, akamwambia, "Ndugu yangu, nina mtoto, pesa nitakupa kesho." Yule bwana, ambaye jina lake hatukulijua, alitandaza gunia, akanilaza, akasukuma. Wanaume wa mtaa walikuwa wakija na kanzu zao nyeupe kuelekea msikitini, nasi tukienda kinyume nao, na kila uchochoro ulibidi watu wabane ukutani watupishe. Wengine walimuuliza mama anakwenda wapi na mume hayupo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi; mama hakumjibu hata mmoja. Aliendelea kukimbia pembeni ya gurudumu, ameshika kitambaa chake cha mishono ngumini, na hospitalini daktari alipouliza tangu lini, alijibu tangu siku ya nne ya dawa, akamwonyesha kwa mishono ya kile jinsi jioni ilivyoipita asubuhi. Daktari alikitazama, akamtazama, akaita watu. Nilipasuliwa mchana ule ule. Utumbo ulikuwa umeanza kutoboka. Walimwambia mama kama angalinileta baada ya magharibi wasingalikuwa na la kufanya.

Nilitoka na kovu la kutoka kitovuni kwenda chini na sikio la kushoto lililokufa kabisa. Skuli niliporudi mwalimu aliniona mkaidi kwa kuwa siitiki, akaniweka nyuma, na nyuma nikasikia kidogo zaidi, hadi darasa la nne nikaona heri sindano. Huo ndio usomi wangu. Ami Hamadi alisimulia barazani kwamba yeye ndiye aliyeamuru nipelekwe, na watu wakampa pole na hongera. Mama alikwenda kwa Twaha, akamuuliza aliniona wapi hata akaandika naendelea vyema. "Bi Rukia," akamwambia, "mimi naandika ninacholetewa." Mama akamwambia, "Basi wewe ni kalamu, si mtu," akarudi nyumbani kumalizia kofia ya watu.

Leo mambo yamerahisika. Vipimajoto vya sasa havina zebaki, ukibonyeza kitufe vyageuka kutoka kipimo hiki kwenda kile, na simu zajibu kabla hujamaliza kuuliza. Lakini mwanangu juzi alisikia redioni kwamba joto la Mombasa litapanda digrii mbili, akaiuliza simu digrii mbili ni ngapi kwa Farenhaiti, ikamwambia thelathini na tano na nukta sita, akaniambia, "Mama, tutakaangwa!" Nilimwambia ni tatu na nusu tu na kidogo, aiache simu. Simu haina kosa, iliulizwa joto liko wapi, haikuulizwa limesogea kiasi gani. Na mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kliniki, nesi binti mdogo akamwelekezea kile kipimo cha kipajini. "Thelathini na nane, Bi. Si mbaya, mpeni maji mengi mrudi nyumbani." Nikamuuliza asubuhi ilikuwa ngapi. Akasema asubuhi mtoto hakuwa pale. "Alikuwa kwangu," nikamwambia. "Saa moja thelathini na sita na nusu. Saa nne thelathini na saba na nusu. Sasa saa sita." Binti yule, Mungu amweke, hakuinua kidevu. Aliweka kipimo chini, akavuta kiti akanipa, akaenda kumwita daktari. Katika miaka yangu yote huyo ni wa kwanza mwenye vyeti kuniuliza kwa adabu, "Umeandika, Bi? Naomba nione." Hapo ndipo ulimwengu umesogea, na sitaukatalia.

Mama alifariki miaka michache nyuma. Ami Hamadi alipozikwa waliotangulia kusema walisema alikuwa bahari ya elimu. Mama alipozikwa walisema alikuwa mwanamke mvumilivu, na wote wakaitikia, na mimi nikanyamaza kwa sababu ya mahali. Leo sinyamazi. Mama yangu hakuwa mvumilivu. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini mvumilivu angalingoja jioni.